Bigijii ya nikotini ya kuacha sigara: nimeitumia mara mbili, mara ya kwanza niliikosea

Nianze na hili maana ndo wengi tunapoharibu: hii dawa inaitwa bigijii ila haitafunwi kama bigijii. Mi niliitafuna kama bigijii mara ya kwanza, nikaishia kuitupa pale Ruaha Mbuyuni nikasema hizi dawa zinakula hela za watu bure, nikarudi kwenye fegi miezi nane mingine. Leo nina miezi kumi na moja sijavuta hata kipisi, na nimeacha kwa dawa ile ile niliyoitukana. Ndo maana naandika, kuna mtu hapo alipo ana boksi ndani ameshaikatia tamaa na labda hajaelekezwa tu.

Mi ni dereva wa tenka, napakia mafuta Kigamboni napeleka Tunduma, safari nyingine navuka kabisa Zambia. Kuvuta nilianza nikiwa utingo, nina miaka 19, enzi hizo tunabeba mbolea, suka wangu akiwa kwenye kona hataki kuachia usukani ananiambia dogo niwashie, naiwasha, napiga pafu mbili ishike moto, nampa. Pafu mbili mbili hizo ndo zikanifikisha pakiti nzima kwa siku. Nimevuta miaka 26.

Sasa kwenye tenka huwashi sigara, hilo halina mjadala, kwa hiyo mi nilikuwa natafuta sababu ya kusimama. Tairi nalipiga rungu halina tatizo lolote. Nasimama Chalinze, Morogoro nasimama, nafika Doma nashuka natembea mbali na gari navuta mbili za kufuatana kwa sababu mbele kuna zile kilomita 50 za hifadhi ya Mikumi na mle ndani si sehemu ya kusimama hovyo, nikitokea Mikumi mjini nashuka tena. Nikimaliza kupanda Kitonga, kabla ya kitu chochote, Ilula, fegi. Na foleni ya Tunduma ndo usiseme, pale unaweza kulala siku kadhaa unasogea gari moja moja, kazi ni kukaa kwenye kivuli na wenzio mnachoma. Kikohozi cha asubuhi nilishakizoea mpaka mke wangu akawa anajua nimeamka kwa kukisikia.

Mara ya kwanza niliinunua duka moja la dawa mjini, sitalitaja. Nilimwambia yule kijana nataka ile dawa ya kuacha sigara ya kutafuna, akatoa boksi, akataja bei, nikalipa, basi. Hakuniuliza navuta ngapi wala nilianza lini, akanipa za 2 mg. Mi nikaondoka zangu. Tumefika mbele ya Mikumi arosto imenishika vizuri, natoa moja natupia mdomoni naitafuna kwa nguvu na kwa hasira, tena nashushia na kahawa ya kwenye chupa. Koo likaanza kuwaka kama nimemeza pilipili, kikaja kichefuchefu, kwikwi ikanishika haiachii, nimeendesha na kwikwi karibu nusu saa, na hamu ya sigara iko pale pale haijasogea. Nikatafuna ya pili. Mbaya zaidi. Tulipofika Mbuyuni nikashuka, boksi nikatupa, nikanunua fegi kwa dogo mmoja anayeuza na vitunguu.

Ya pili ilikuja baada ya mwanangu wa mwisho kunikatalia nisimbebe, akasema baba unanuka moshi. Ana miaka minne. Sikumjibu kitu.

Nikaingia duka jingine, Mbagala, nipo na haraka zangu. Akaja binti mmoja mfamasia, shikamoo baba, marahaba mwanangu, nikamwambia shida yangu na nikamwambia kabisa kwamba hii dawa nilishaitumia ni ya uongo. Hakubishana. Akaniuliza swali moja ambalo sikulitegemea: baba, ukiamka asubuhi, sigara ya kwanza unavuta baada ya dakika ngapi? Nikamwambia kabla sijanawa uso. Akasema basi wewe unayevuta ndani ya nusu saa baada ya kuamka unatakiwa uanze na 4 mg, 2 mg ni ya yule anayeweza kukaa bila kuvuta zaidi ya hapo. Akaniuliza pia presha, moyo, vidonda vya tumbo, na kama nina meno ya bandia maana inanata. Afu akaniambia nionyeshe ulivyokuwa unatafuna. Nikamuonyesha. Akasema hapo ndo ulipoumia.

Nawaandikia alivyonifundisha. Unaitafuna polepole, mara chache tu, mpaka usikie ukali kama wa pilipili au ulimi unachonyota. Hapo UNAACHA. Unaisukuma pembeni kati ya shavu na fizi, unaiacha imelala pale. Ule ukali ukiisha, kama dakika moja hivi, unatafuna tena kidogo, unahamishia upande wa pili, unailaza. Unaenda hivyo hivyo kama nusu saa ndo unaitoa. Sababu ni kwamba nikotini yake inaingilia kwenye ngozi ya ndani ya mdomo, ukitafuna kwa fujo inatoka yote kwa mpigo unaimeza na mate, ikienda tumboni haikusaidii, inakuchoma koo na kukupa kwikwi. Na kahawa, soda, juisi, vitu vyote vyenye uchachu, vinafanya mdomo usiinyonye, kwa hiyo dakika 15 kabla na muda wote ikiwa mdomoni hunywi wala huli. Mi nilishushia na kahawa! Yaani nilikosea kila kitu kinachoweza kukosewa na hakuna aliyeniambia.

Kingine alichonieleza ambacho kwangu ndo kilibeba safari nzima: moshi wa sigara unafikisha nikotini kwenye ubongo kwa sekunde kama 10 mpaka 20, hii ya kutafuna inapanda taratibu, inaweza kuchukua nusu saa kufika juu. Kwa hiyo ukisubiri arosto ikushike ndo utafute dawa umechelewa. Wiki sita za kwanza unatumia kimoja kila saa moja au mbili, hata kama hamu haijaja, mwisho vipande 24 kwa siku na usizidishe. Wiki ya saba mpaka ya tisa kila saa mbili mpaka nne, wiki tatu za mwisho kila saa nne mpaka nane, jumla wiki 12.

Nikaipanga na barabara. Kimoja natoka Kigamboni, kimoja nikikaribia Chalinze, kimoja Doma kabla ya hifadhi, na mle ndani ya Mikumi kikawa kimelala shavuni naangalia twiga nimetulia, kitu ambacho sikuwahi kukipata miaka yote ile. Kitonga napanda na kimoja. Wiki ya kwanza vilikuwa vinaenda 12 mpaka 14 kwa siku.

Siwadanganyi kwamba haikuuma. Siku ya tatu na ya nne nilimgombeza utingo wangu kwa kitu cha kijinga mpaka nikasimamisha gari nikamwomba msamaha. Usingizi ukakatika, nikawa nakula kama nimetoka jela, kilo zimeongezeka na bado zipo. Taya linauma siku za mwanzo. Na ladha yake mi sijawahi kuipenda, hata hii ya minti, ukali uko pale pale. Yule binti aliniambia mapema kwamba haina muujiza, inakupunguzia makali tu, na ni kweli, tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zinasema dawa za aina hii zinaongeza nafasi ya kufanikiwa kwa asilimia 50 mpaka 60 ukilinganisha na asiyetumia, yaani pale ambapo wangeacha watu kumi bila dawa, kwa dawa wanaacha kumi na tano au kumi na sita, kwa hiyo bado wapo wengi wanaotumia na wanarudi. Tunduma ndo ilikuwa mtihani wangu. Wenzangu wako kwenye kivuli wanawasha, ile harufu ya kiberiti tu mate yanajaa mdomoni. Nilihamisha kiti nikakaa upande wa pili wa gari siku mbili peke yangu. Hapo bigijii haikutosha, nilimpigia mke wangu kila saa.

Nilikuja kusoma ilikotoka hii kitu nikashangaa. Ilitengenezwa Sweden na mkemia anaitwa Ove Fernö, na wazo lilitokana na wanamaji wa nyambizi miaka ya mwisho ya 60, chini ya maji huwezi kuwasha sigara, wakawa wanaweka tumbaku mdomoni na arosto inatulia, watu wa utafiti wakajiuliza kwa nini tusitoe nikotini peke yake tukaacha tumbaku. Nikajiona mimi na tenka langu. Sisi wa mafuta kweli hii ilitengenezwa kwa ajili yetu, na sijawahi kusikia hata siku moja mtu akituambia kwenye semina za usalama, tunaambiwa tu usivute, usivute.

Sasa bei. Hapa ndo nina uchungu. Wiki za kwanza nilitumia hela zaidi ya ile niliyokuwa naichoma kwa sigara, kwa vile ukitumia inavyotakiwa boksi la vipande 30 halimalizi siku tatu. Baadae inashuka kadiri unavyopunguza na mwisho unabaki na hela yako yote, ila ni dereva gani ana hela ya kutoa kwa mkupuo wakati posho yenyewe inakuja kwa safari? Fegi unauziwa moja moja, saa nane usiku Makambako unaipata, mvua inanyesha unaipata. Dawa ya kuiacha unauziwa boksi zima. Na ukiishiwa njiani imekula kwako, mi nimeulizia maduka ya dawa Iringa, Mafinga na Mbeya, niliyoingia yote hawakuwa nayo, wawili hawakuijua kabisa. Shirika la Afya Duniani liliiweka bigijii na plasta za nikotini kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009, yaani muhimu sawa na dawa nyingine zinazotakiwa zipatikane, na mi natembea kilomita mia tisa na kitu kutoka Dar mpaka mpakani nimebeba boksi zangu kama mzigo wa magendo. Ukisafiri nunua ya kutosha kwenda na kurudi, hilo nalisisitiza.

Na ukimaliza kutafuna usitupe hovyo, bado ina nikotini ndani, ifunge kwenye karatasi yake mtoto asiokote akadhani pipi. Mwenye mimba, au mwenye shida ya moyo, aongee na daktari kwanza.

Mi nilienda wiki 14 badala ya 12, mbili za mwisho nikashuka kwenye 2 mg, kimoja asubuhi na kimoja usiku, afu siku moja nikafika Morogoro nikagundua cha asubuhi sijatumia na sijakikumbuka. Vilivyobaki vitano vipo kwenye droo ya dashibodi hadi leo, sivitoi, navipenda viwepo.

Kikohozi cha asubuhi kilichukua kama miezi miwili kuisha. Kupiga rungu tairi zote za semi sasa namaliza bila kusimama kuvuta pumzi. Na pale Mbuyuni, mwezi wa pili tangu niache, tumesimama kula, nikasikia harufu ya vitunguu, ile mbichi ya vimetoka shambani vimeanikwa kwenye jua, nikamuuliza utingo hivi leo wamemwaga vitunguu vingi? Akaniambia mzee, mbona viko hivi siku zote. Nimepita pale miaka zaidi ya ishirini. Nikanunua ndoo mbili nikapeleka nyumbani.

Kwa hiyo dawa naipa nyota nne, ya tano inaliwa na bei na kukosekana mikoani. Lile duka la kwanza sina la kusema. Yule binti wa Mbagala nampa zote tano, dakika kumi zake tu na hakuniuzia boksi kubwa, aliniuzia dogo akasema baba jaribu hizi kwanza, ukirudi tutaongea. Nilirudi mara saba.

Wiki iliyopita utingo wangu ameniuliza kama yule dada bado yupo. Ana miaka 23, anavuta tangu shule. Jumanne tunapakia, nimemwambia awahi, tunapita Mbagala kwanza na boksi la kwanza nalipa mimi.