Uzoefu wangu: miezi minne kwa mtaalamu wa lishe kwa tumbo lisilotulia

Tumbo langu limenisumbua tangu 2016. Linajaa gesi mpaka sketi haifungi, linauma chini ya kitovu, wiki hii naharisha na wiki ijayo nakaa siku tatu bila choo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, na safari ya basi kwenda Dar ilikuwa inanikosesha usingizi. Nilikuwa naacha kula tangu jana yake, na bado tukifika Segera nimeshamfuata konda kumwomba wasimame nichimbe dawa. Miaka yote hiyo niliambiwa ni vidonda vya tumbo. Dozi ya kuua bakteria nimeimeza mara mbili, omeprazole sikumbuki mara ngapi, na mizizi ya kuchemsha kutoka kwa kila aliyenihurumia.

Mwaka 2023 daktari mmoja Dar alinipima kwa kamera, akapima choo na damu. Alitaka pia kipimo cha siliaki, ugonjwa wa mwili kutopatana na gluteni ya ngano, na akasisitiza nipime nikiwa bado nakula chapati na mikate, maana ukishaacha ngano majibu yanaweza kudanganya. Aliniuliza kama naona damu chooni, kama napungua bila sababu, kama kwetu kuna aliyeugua saratani ya utumbo. Hakuna. Kidonda nacho hakikuonekana. Akaniambia nina IBS: utumbo ukiutazama ni mzima, ila unahisi kupita kiasi na mwendo wake umevurugika. Nilitoka na karatasi ya vyakula.

Hiyo karatasi ilinitesa. Ilikuwa ya Kiingereza, imejaa vyakula ambavyo Tanga sijawahi kuviona sokoni. Ugali haumo, dagaa hawamo, mchicha haumo, na hakuna aliyekaa nami dakika tano kunielekeza. Kwa woga nikaacha karibu kila kitu. Miezi miwili nilikula wali na yai la kuchemsha, nikapungua kilo sita, na wanafunzi wakaanza kuniuliza kama naumwa. Ndipo mwenzangu kazini akanielekeza kwa mtaalamu wa lishe anayeshughulika na wagonjwa wa tumbo. Huduma hiyo ndiyo nataka kuieleza.

Nililipa shilingi 50,000 mara ya kwanza na 30,000 kila nilipoonana naye baada ya hapo. Jumla tulikutana mara nne, mbili ofisini kwake Dar na mbili kwa simu ya video. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Dada, nyumbani nani anapika?" Nikamwambia ni mimi na mama mkwe. Akaniomba nimtajie kila nilichokuwa nakula zamani, kabla ya ile karatasi, kuanzia chai ya asubuhi. Nikataja: chai ya maziwa na maandazi mawili, mchana ugali na maharage ya nazi, jioni wali na mchuzi wa samaki, kisha embe. Akachukua kalamu nyekundu na kuzungushia. Maziwa, maandazi, maharage, embe. Halafu akauliza, "Hayo maharage na huo mchuzi mnaanzaje kuupika?" Nikasema si tunakaanga kitunguu. Akazungushia mara mbili.

Alinieleza kwa lugha niliyoielewa. Kuna sukari fulani kwenye vyakula ambazo utumbo mwembamba hauzifyonzi vizuri. Zinavuta maji, zinateremka mpaka utumbo mpana, na huko bakteria wanazichachua na kutoa gesi. Mtu mwingine hilo linampitia bila shida. Mwenye IBS utumbo ukitanuka kidogo tu anasikia maumivu. Sukari hizo zinaitwa kwa kifupi FODMAP, jina lililoanzia Chuo Kikuu cha Monash, Australia, mwaka 2005. Kitunguu maji, kitunguu saumu na ngano vina kundi moja, kunde na maharage kundi lingine, maziwa yana laktosi, embe na asali zina fruktosi iliyozidi.

Mpango una hatua tatu: kupunguza vyote kwa wiki chache, kurudisha kimoja kimoja, kisha kubaki na mlo wako mwenyewe. Alinionya kwamba hatua ya kwanza haizidi wiki sita, na kwamba kuing'ang'ania, kama nilivyofanya na wali na yai, kunamnyima mtu virutubisho.

Wiki nne za kwanza jikoni kwetu kulikuwa na sufuria mbili, ya familia na yangu. Nilishangaa jinsi chakula kilivyokuwa kingi: ugali wa mahindi, wali, viazi mviringo, samaki, kuku, mayai, mchicha, karoti, bilinganya, nanasi, papai, machungwa. Tui la nazi kwa kiasi. Jambo lililonikomboa ni mafuta. Hizo sukari za kitunguu saumu zinayeyuka kwenye maji, haziyeyuki kwenye mafuta. Kwa hiyo unakaanga punje nzima kwenye mafuta, zikinukia unazitoa zote, halafu mchuzi unaanzia kwenye mafuta hayo hayo. Ladha inabaki. Na kwenye kitunguu cha majani unakata ule upande wa kijani tu.

Siku ya tisa tumbo liliniuma sana usiku, nikalia nikijua nimeshindwa. Asubuhi nikampigia picha daftari langu na kumtumia. Alijibu mchana: "Umetia kiungo cha pakiti kwenye kuku?" Nilikuwa nimetia. Nikageuza pakiti na kusoma maandishi madogo nyuma, unga wa kitunguu ulikuwa wa tatu kwenye orodha. Hili angenionya mapema. Nilimwambia, na alikubali.

Kufikia wiki ya tatu tumbo lilitulia kwa kiwango ambacho nilikuwa nimesahau kama kipo. Lakini hatua ya pili ndiyo iliyonifanya niandike haya, kwa sababu ndiyo wengi tunaiacha. Ukishapata nafuu unaogopa kurudi nyuma. Yeye hakuniruhusu kuogopa. Kila kundi lilijaribiwa kwa siku tatu, kiasi kidogo, kisha zaidi, kisha zaidi, halafu siku mbili au tatu za kupumzika. Yote yaliandikwa kwenye daftari: saa ngapi, kiasi gani, maumivu kati ya sifuri na kumi.

Maharage niliyaogopa kuliko vyote. Aliniambia niyaloweke usiku kucha, nimwage maji, niyachemshe, nimwage tena maji ya kuchemshia, ndipo niyaunge. Mama mkwe alisema, "Mwanangu, utamu wote umeumwaga," na kweli rangi ilipungua. Nikala robo kikombe nikakaa nikisikiliza tumbo. Hakuna kitu. Siku ya pili nusu kikombe, gesi kidogo, maumivu mawili kati ya kumi. Nilikuwa sijala maharage kwa zaidi ya miezi mitatu. Embe, nusu linanifaa. Chapati moja sawa, mbili hapana. Maziwa glasi nzima yananiharisha, mtindi kidogo hauna neno. Kitunguu maji na kitunguu saumu ndivyo adui zangu wakubwa, hata vikiwa kidogo.

Yasiyonifurahisha yapo. Wataalamu wa aina hii ni wachache, na aliye mkoani analipa nauli juu ya ada. Programu ya simu ya Monash aliyonishauri ni ya kulipia na ni ya Kiingereza, kwa mama mkwe haisaidii kitu, hivyo nilimwandikia orodha kwa mkono tukaibandika kabatini. Ujumbe wangu mwingine ulikaa siku tatu bila jibu. Na hakuniuliza mapema kuhusu msongo wa mawazo, wakati wiki za kusahihisha mitihani tumbo huvurugika hata nikila vizuri. Tulilizungumza mara ya nne, lilistahili mara ya pili.

Sijapona. Bado kuna siku mbaya, labda mbili kwa mwezi, zamani zilikuwa nne au tano kwa wiki. Kilo nne zimerudi. Mwezi uliopita nilipanda basi la asubuhi kwenda Dar baada ya kunywa chai ya rangi na viazi vya kuchemsha, na sikumsumbua konda.

Sufuria ya pili tumeiacha. Mama mkwe sasa anapika mchuzi mmoja kwa mafuta ya kitunguu saumu, na wanaotaka kitunguu wanakatiwa kachumbari pembeni. Nyuma ya nyumba amepanda vitunguu kwenye ndoo iliyopasuka. Kila jioni anatoka na kisu, anakata majani ya kijani peke yake, na mizizi anaiacha ichipue tena.