Miaka saba kwenye londri: mapitio ya mashine, uongozi na watu wake

Naandika haya kwa watu wa aina mbili, wanaotafuta kazi kwenye londri kubwa na wanaopeleka mashuka yao huko bila kujua nyuma ya ukuta kunaendelea nini. Jina la sehemu silitaji. Nimekaa hapo miaka saba, nilianza upande wa nguo chafu kupakia mashine nikaishia kuwa kiongozi wa shifti ya usiku, kwaiyo hapa siandiki ya kuambiwa. Nawapa nyota mbili kati ya tano.

Kazi yenyewe naipenda na niliseme hilo mapema. Unapokea kigari kimejaa mashuka yana madoa ya kila namna, baada ya masaa machache yanatoka upande wa pili yamenyooka, ya moto, yamekunjwa kona kwa kona, kwakweli kuna raha yake. Na watu niliofanya nao kazi sijapata wengine kama wale. Nyota mbili zote ni za kwao.

Sasa mashine. Ukitaka kujua kama mashine ya kufulia inaumwa usiiangalie mbele, mbele wanaifuta kila siku inang'aa, zunguka nyuma. Namba 3 yetu kule nyuma ilikuwa na mchirizi wa kutu unashuka kutoka katikati ya ngoma, lile pipa la ndani linalozunguka na nguo, mpaka chini, na chini kuna kidimbwi hakikauki. Hiyo maana yake sili ya shafti, ule mhimili unaozungusha ngoma, imechoka. Maji ya sabuni yanapenya, yanaosha grisi yote iliyo kwenye beringi, ile pete ya gololi inayobeba shafti izunguke kilaini, baada ya hapo ni chuma juu ya chuma. Sili ni kidude cha mpira tu, ukikiwahi umemaliza shida. Ukikiacha kinakula beringi, beringi nayo ukiiacha inakula shafti, shafti ikishaliwa hiyo sio matengenezo tena hiyo ni kutafuta mashine nyingine. Na inakutaarifu mapema jamani, sio kwamba inakuvizia, kwanza inavuma kwa mbali wakati wa kukamua, baada ya wiki kadhaa unasikia kama kokoto kwenye debe, mwisho sakafu yote inatetemeka mpaka sabuni zinahama kwenye rafu.

Tulikuwa na daftari la hitilafu, kava gumu la bluu, linaning'inia kwa kamba pembeni ya swichi kuu. Nimeandika kwa mkono wangu "Na. 3 inavuja nyuma, sili" mwezi wa pili, nikaandika tena mwezi wa tatu, wa nne, wa sita. Mbele ya kila mstari kuna nafasi ya meneja, na meneja kaandika neno lilelile, "Imeonekana", na saini yake. Imeonekana, imeonekana, imeonekana, ukurasa mzima wa juu mpaka chini. Nililifungua lile daftari usiku mmoja tumemaliza mzigo nikalisoma lote toka mwanzo na nilisikia uchungu ambao siwezi kuueleza, maana kila mstari ule kuna mtu aliacha kazi yake, akanawa mikono, akatafuta kalamu, akaandika akiamini kuna mtu anasoma.

Kuna mzee wetu wa pasi ya rola, ana miaka mingi pale kuliko meneja yeyote aliyewahi kuja. Ile pasi rola zake zinapita nyuzi joto 150, na mbele yake kuna kizuizi cha vidole, ukikigusa inasimama. Mzee kila asubuhi kabla hajaruhusu mtu kulisha shuka la kwanza anakisukuma kizuizi kwa kipande cha mbao kuona kama kweli inasimama. Hakuna aliyemwambia afanye hivo. Grisi ya cheni za ile pasi alikuwa anakuja nayo kwenye kikopo kutoka nyumbani, kanunua kwa hela yake, kwa sababu stoo ukiomba grisi unaambiwa jaza fomu na fomu haijibiwi. Yaani mfanyakazi anatoa mfukoni kulainisha mashine ya tajiri, na kwenye kikao cha mwisho wa mwezi anakaa mstari wa nyuma anasikiliza anafundishwa uaminifu kwa kampuni. Hilo mimi liliniuma kuliko hata mshahara.

Drayer nazo, yaani mashine za kukaushia. Kile chujio cha manyoya ya pamba kinatakiwa kusafishwa mara kadhaa kwenye shifti moja, maana yale manyoya yakijaa hewa haipiti, joto linapanda, na yenyewe yanashika moto haraka sana. Sisi chujio tulisafisha, lakini bomba la kutolea hewa linalopanda juu ya paa halijafunguliwa miaka mitatu nikiwa nahesabu, na hapo huwezi kuingia na mkono, anatakiwa fundi. Na taulo zenye mafuta ya masaji ni kesi yake, zikitoka bado za moto ukazirundika kwenye kigari zinaweza kujipandisha joto zenyewe ndani ya rundo mpaka ziwake, ndo maana mashine ina kipindi cha kupoza mwishoni. Meneja aliagiza tukikate hicho kipindi tuwahi mzigo. Shifti yangu hatukukikata.

Kilichonitoa ni swichi ya mlango ya namba 2. Mashine ya kufulia inatakiwa isizunguke mlango ukiwa wazi, na mlango usifunguke ngoma ikiwa inazunguka. Swichi ilikufa. Badala ya kuletwa swichi nyingine akaja mtu mchana akaunganisha waya ili mashine ione mlango umefungwa muda wote, kipande kifupi chekundu kimezungushiwa solotepu, na mashine ikarudi kazini. Usiku nimeingia naona kijana mgeni, wiki yake ya pili, anachungulia ndani ya ngoma iliyojaa maji inazunguka polepole na mlango uko nusu. Nilizima umeme wa ile mashine kwenye swichi kuu nikaandika karatasi "Usiwashe" nikaibandika.

Asubuhi nikaitwa ofisini. Meneja hakuuliza habari ya waya kabisa. Aliniambia, "Kaka, wewe nilikuona mtu wa kwetu, kumbe unatuchimba." Nikamwambia bosi, yule mtoto angekatwa mkono. Akasema mtu mwaminifu angepiga simu kwanza kabla ya kusimamisha uzalishaji. Saa nane za usiku, na simu yake usiku haipokelewi, kila mtu wa shifti yetu anajua.

Kwa anayesoma hapa na yuko kwenye hali kama hiyo, ujue Shirika la Kazi Duniani lina mkataba namba 155 wa mwaka 1981, kifungu cha 13 kinasema mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi kwa sababu za msingi za kuamini kuna hatari kubwa na ya karibu kwa maisha au afya yake, alindwe asipate madhara yasiyo ya haki. Na mwaka 2022 mazingira salama ya kazi yaliingizwa kwenye haki za msingi kazini. Kila nchi ina sheria zake na namna yake ya kulifuata hilo, kaulize kwenu, ila usikubali kuambiwa kwamba kukataa kukatwa mkono ni utovu wa uaminifu.

Kwa wateja sasa. Kufua ni joto na muda, sabuni peke yake haitoshi. Mwongozo wa hospitali za Uingereza kwa mfano unataka maji yakae nyuzi 65 kwa dakika zisizopungua 10, au nyuzi 71 kwa dakika zisizopungua 3, na hapo hujahesabu muda wa joto kusambaa kwenye mzigo wote. Sasa namba 1 kipima joto chake kilikuwa kinasoma juu, nimewahi kuchota maji wakati skrini inaonesha 65 nikaweka kipimajoto cha mkononi nikapata 52. Niliandika kwenye daftari. Unajua kilichoandikwa mbele. Kwaiyo unapochagua londri usiridhike na shuka jeupe linanukia vizuri, omba uoneshwe kumbukumbu za joto na lini vipima joto vimehakikiwa mara ya mwisho, wakikuzungusha ondoka na mashuka yako.

Na wewe unayeenda kwenye usaili, ukifika omba kuona daftari la hitilafu. Usiangalie hitilafu ni ngapi, sehemu nzuri ina hitilafu nyingi zilizoandikwa kwa sababu watu hawaogopi kuandika, angalia upande wa kulia kuna nini.

Mshahara ulikuwa unatoka kwa wakati, hilo nawapa. Ovataimu ililipwa, mara nyingine kwa kuchelewa. Sare na buti unapewa, glovu za upande wa nguo chafu zinaisha katikati ya mwezi.

Mimi niliandika barua ya kuacha wiki tatu baada ya ule waya. Kijana yule mgeni yupo, mikono yake yote miwili ipo, nashukuru Mungu. Mzee wa pasi naye yupo na tunapigiana simu. Wiki mbili zilizopita namba 3 ilisimama kabisa, shafti imeliwa, ngoma imelala upande, wameiburuta pembeni wameifunika turubai na mzigo wake umegawanywa kwa zile mbili zilizobaki. Akanambia daftari la bluu limejaa, limeletwa jipya, na mstari wa kwanza kaandika yeye. Namba 1, maji nyuma, sili.