TAHADHARI: Mbegu za "mtungi wa bluu" ni utapeli, msitume pesa

Ndugu zangu mnaolea mimea inayokula wadudu ndani ya nyumba, hasa mnaoanza, naomba msome hili kabla hamjalipa.

Kuna muuzaji mtandaoni anayetangaza mbegu za Nepenthes rajah, "rangi nne, pamoja na bluu". Nepenthes ni mimea ambayo ncha za majani yake huwa mitungi ya kunasa wadudu. Nilinunua. Pakiti ilikuwa na mbegu ishirini, nyeusi, za duara, zinang'aa. Hapo hapo ningeshtuka. Mbegu za Nepenthes, karibu spishi zote, ni kama uzi mwembamba wenye kiuvimbe katikati, nyepesi hata ukipumua karibu zinapeperuka.

Nikazipanda hivyo hivyo kwenye sfagnamu (kuvumwani ya kupandia) na perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba), nikanyunyizia maji ya mvua, nikafunika kwa plastiki. Siku ya tano zikaota zote. Nepenthes haioti hivyo, huchukua wiki nyingi, na miezi miwili si ajabu. Nilipolalamika akaniambia nivute subira, eti mitungi hutoka baada ya mwaka. Uongo! Mche wa Nepenthes huanza kutoa vimtungi vidogo sana tangu majani yake ya kwanza baada ya yale mawili ya mbegu. Lakini ukimwamini na kungoja, muda wa kudai pesa yako unapita, na ndicho anachokitaka. Mimi ulinipita. Nilichobaki nacho ni magugu.

Hakuna Nepenthes yenye mtungi wa bluu. Ipo ya kijani, ya manjano, nyekundu, ya zambarau, yenye madoa. Ile bluu imepakwa kwenye kompyuta. Tangazo lake linasema pia kwamba mbegu "hudumu miaka mitatu", ilhali mbegu hizi hupoteza uhai ndani ya miezi michache.

Sasa ameanza kuuza mimea mikubwa, na hili linaniuma kuliko pesa yangu. Rafiki yangu alipokea mmoja: shina gumu kama mti, mizizi imekatwakatwa, majani ya zamani yamejaa matundu ya wadudu. Mmea uliokuzwa kitaluni hauji na sura hiyo. Huo umeng'olewa msituni, na Nepenthes hazivumilii kuvurugwa mizizi. Wa rafiki yangu ulikufa. N. rajah halisi huota porini kwenye milima ya Kinabalu na Tambuyukon tu, huko Sabah, Borneo, na iko katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo iliyong'olewa porini hairuhusiwi kuuzwa nje ya nchi kibiashara.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji picha ya mbegu zenyewe juu ya karatasi yenye tarehe ya siku hiyo. Kisha muulize mama na baba wa mbegu ni mimea ipi. Nepenthes ina mmea dume na mmea jike mbalimbali, na aliyechavusha kwa mkono wake hawezi kukosa jibu. Huyu wangu alinyamaza. Anayeanza kabisa aachane na mbegu, atafute mche mdogo wa ventrata, Nepenthes chotara, kwa mkulima anayeonyesha mimea yake. Unavumilia hali ya ndani ya nyumba.

Akaunti yake ya kwanza imefungwa. Jana nimeiona picha ile ile ya mtungi wa bluu chini ya jina jingine.