Cheti cha miezi 6, digrii sina: nilivyotafuta kazi ya programu Dar

Wananiuliza sana hili swali hasa wadogo zangu waliomaliza form six juzi juzi, eti dada ile butikampu uliyosoma (mafunzo ya haraka ya kuandika programu za kompyuta) inalipa kweli au nisubiri chuo. Naandika yote hapa. Jina la sehemu niliyosoma sitalitaja maana kuna mambo hayakunifurahisha ila walimu wake walinifundisha kwa moyo na bado nawaheshimu.

Mi nilimaliza form six 2020, division three, mkopo wa bodi nikakosa na nyumbani hela ya ada ya chuo haikuwepo. Nikaenda kukaa kwenye kibanda cha mama mdogo Kimara Korogwe, uwakala wa pesa, laini za mitandao minne, kutoa na kuweka kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku. Nimekaa pale miaka miwili. Mwisho wa 2022 mama akapokea zamu yake ya upatu akanikabidhi yote akasema nenda kasome hiyo kompyuta yako. Ada ilikuwa 1,800,000 kwa miezi 6, unalipa kwa awamu tatu, na laptopu nikanunua mtumba Kariakoo 480,000. Betri ilikuwa imekufa kwahiyo umeme ukikatika na kazi yangu inakatika.

Mafunzo yenyewe mazuri kwakweli. HTML na CSS za kupanga na kupamba kurasa za tovuti wiki tatu, lugha ya JavaScript miezi miwili na nusu, halafu React na Node, zana za kujengea mifumo kwa hiyo hiyo JavaScript, mpaka mwisho. Tulianza 31 tukamaliza 17. Najua kuna watu watasema hayo yote yapo bure na ni kweli yapo, freeCodeCamp ni bure, kozi ya CS50 ya chuo cha Harvard nayo unasoma bure, ila mi nilishajaribu kusoma pale kibandani kwa bando la usiku mara mbili na mara zote nikaishia njiani kwa sababu ukikwama saa tano usiku hakuna wa kumuuliza na kesho yake unasinzia wateja wamejipanga. Nilicholipia mimi ni mtu wa kuniuliza kila asubuhi jana umefanya nini, na wenzangu wa kukaa nao mpaka saa moja jioni tunatafuta kosa moja. Hiyo hela haijaniuma.

Iliyoniuma ni ile ahadi. Tangazo lilisema ukimaliza unaunganishwa na waajiri. Huko kuunganishwa kukaja kuwa ni grupu la WhatsApp wanatupia linki za kazi ambazo hata ambaye hajasoma popote anaziona. Nimeomba kazi 43, nilikuwa naandika kwenye daftari, na simu nikapigiwa 5 tu.

Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba serikalini cheti hiki hakikupeleki popote. Ukiingia kwenye portal ya Sekretarieti ya Ajira ukatafuta Afisa TEHAMA daraja la II utakuta wanataka shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta au fani inayofanana nayo, kutoka chuo kinachotambulika. Hapo hata uwe unajua kiasi gani jina lako halifiki kwa mtu wa kukusikiliza. Hii ningeambiwa siku ya kwanza kabla mama hajatoa hela yake, sikuambiwa, na naona sio haki kumficha mtu kitu kama hicho. Muulizeni anayewasajili kama cheti chao kinatambulika na NACTVET, lile baraza la serikali la elimu ya ufundi, akianza kuzunguka zunguka mmeshapata jibu.

Kitu cha pili, tulichofundishwa na kinachotafutwa na ofisi ndogo ndogo nilizoziomba vilikuwa vitu viwili tofauti. Sisi tumeiva kwa React na Node, ofisi za Sinza na Mwenge nilizozunguka wengi wanataka lugha ya PHP, wanataka Laravel ambayo ni zana ya kujengea mifumo kwa PHP, au mtu wa kuwatengenezea tovuti kwa WordPress wiki moja iwe imeisha. Nikarudi chini kusoma Laravel, ikanichukua kama wiki tano, na hapo ndo nikaona faida ya butikampu maana ukishaelewa databesi, yaani ghala la taarifa, inavyoongea na ukurasa, lugha ya pili haikusumbui kama ya kwanza.

Kwenye intavyu tatu za mwanzo swali lilikuwa lile lile, dada chuo umesoma wapi. Nikisema butikampu naona kabisa mtu anafunga faili. Nilirudi nyumbani siku moja nikalia, nikamwambia mama nakurudishia hela yako kidogo kidogo kwa kamisheni ya kibanda. Akaniambia mwanangu hela ile sijakukopesha.

Basi nikarudi kwa mama mdogo. Kule kuna tatizo nalijua tangu zamani, kufunga hesabu. Una floti, yaani hela iliyopo ndani ya simu, kwenye laini nne, una keshi kwenye droo, ukijumlisha jioni vinatakiwa virudi kwenye mtaji ulioanza nao asubuhi, na kila wiki kuna siku inapungua elfu kumi au ishirini na hujui imeenda wapi. Nikamtengenezea mfumo kwa Laravel, muamala ukifanyika unaandika kiasi, laini na kumbukumbu namba iliyokuja kwenye meseji. Wiki ya pili tukagundua muuzaji anaandika muamala mmoja mara mbili mtandao ukisumbua, anadhani haujaingia anarudia, kwahiyo jioni hesabu inagoma. Nikaifanya ile kumbukumbu namba isiweze kujirudia kwenye databesi, ukiiandika tena mfumo unakataa na kukuonesha ule wa kwanza uliingia saa ngapi. Mawakala wawili wa jirani wakaja wakaomba nao wawekewe, wakanilipa elfu 60 kila mmoja. Hiyo ndo ilikuwa hela yangu ya kwanza ya programu, nikampelekea mama.

Nikaiweka GitHub, tovuti ambako watu wa programu wanaweka kazi zao, na kwenye CV nikaipandisha juu kabisa, cheti nikakishusha chini. Intavyu ya tano ilikuwa kampuni ndogo Mikocheni wanatengeneza mifumo ya malipo ya mashule. Yule kaka hakuniuliza chuo, aliuliza mzazi akilipa ada, mtandao ukakwama na akabonyeza tena, mfumo wako utafanyaje. Aisee. Hilo swali mi nimeliishi miaka miwili kwa mikono yangu. Niliongea kama dakika ishirini, nikamfungulia mfumo wa mama mdogo kwenye simu akauona unafanya kazi muda ule ule, wiki iliyofuata wakanipigia. Tangu nimalize mafunzo ilikuwa imepita miezi tisa.

Nilianza kwa 300,000 kama mtu wa mafunzo kazini miezi mitatu, sasa hivi nipo 750,000. Mwenzangu wa chuo kikuu tuliyeingia wakati mmoja alianza juu yangu na mpaka leo yuko juu yangu na kazi tunagawana sawa, nimeshaliongea na bosi, akaniahidi mkataba ujao. Nasubiri nione.

Katika wale 17 ninaowasiliana nao, 6 wanaandika programu kwa mshahara. Wengine wanafanya vitu vingine kabisa, na kuna dada mmoja alikuwa anatuzidi wote darasani ila mpaka sasa hajapata, alikuwa ndo wa kutuelekeza sisi.

Kwa nyota natoa 3 kati ya 5. Mafunzo 4, ahadi ya kazi 1. Kabla hujalipa omba namba za watu watatu wa awamu iliyopita uwapigie wewe mwenyewe, wasikuchagulie wao, na anza kabisa kufikiria ni tatizo gani la mtaani kwenu utalifanyia kazi maana ndo litakalokusemea huko mbele.

Mimi mwaka huu nimeomba chuo, masomo ya jioni, ada nalipa mwenyewe. Ile nafasi ya Afisa TEHAMA bado naitaka.