Sanduku la Kuundia Atomu: Shanga Nzuri, Kijitabu Chenye Kosa Kubwa

Mwezi wa Agosti nilinunua, kwa shilingi 2,600, sanduku la kuundia atomu na molekuli katika duka moja la vifaa vya shule mjini Nakuru, kwa ajili ya wanafunzi watano wa sekondari ninaowafundisha kemia nyumbani wakati wa likizo. Wazazi kadhaa wa mtaani wameniuliza kama linafaa. Nitawajibu kwa kirefu, hasa kuhusu namna linavyoonyesha chaji chanya na chaji hasi, maana hapo ndipo wanafunzi wengi hupotelea.

Ndani mna sinia moja la plastiki lenye shimo la kiini katikati na mizingo iliyochorwa kulizunguka, shanga 20 nyekundu za protoni, 20 nyeupe za nutroni na 20 za buluu za elektroni, pamoja na mfuko wa tufe za rangi na vijiti vya kuziunganisha. Vifaa ni imara. Alama ya kujumlisha imechongwa juu ya kila protoni na alama ya kutoa juu ya kila elektroni, hivyo mwanafunzi huihisi chaji kwa kidole kabla hajaitaja kwa mdomo. Akipanga protoni 11 katika kiini na elektroni 11 katika mizingo, anajionea kwamba chaji zimelingana na kwamba atomu ya sodiamu, kwa ujumla wake, haina chaji. Akiondoa elektroni moja ya mzingo wa nje, protoni moja hubaki bila elektroni ya kuisawazisha, na mbele ya macho yake atomu imekuwa ioni chanya, yaani atomu yenye chaji chanya. Nimefundisha jambo hili ubaoni kwa miaka mingi, lakini sijawahi kuliona likieleweka upesi namna hii.

Ndiyo sababu kijitabu cha maelezo kimenisikitisha. Kinasema kwamba sodiamu hupata chaji chanya kwa kuongezewa protoni. Hili si kosa la chapa. Ni upotoshaji wa msingi wenyewe wa somo. Protoni zimefungwa ndani ya kiini, wala hazitoki wala kuingia katika mabadiliko ya kikemia. Kinachohama ni elektroni. Tena sodiamu ikiongezewa protoni moja haiwi sodiamu tena, inakuwa magnesi, yenye protoni 12. Mwanafunzi mmoja alikuwa amekwisha kunakili sentensi hiyo kwenye daftari lake kabla sijaiona, na ilinibidi nitumie kipindi kizima kuifuta akilini mwake. Nimebandika karatasi juu ya ukurasa huo, na ninamwomba kila mnunuzi afanye hivyo.

Upungufu wa pili ni idadi ya shanga. Ili kuonyesha chumvi ya mezani ipasavyo, sodiamu na klorini zinapaswa kukaa bega kwa bega, elektroni moja itoke huku iingie kule: sodiamu ibaki na elektroni 10 dhidi ya protoni 11, klorini iwe na elektroni 18 dhidi ya protoni 17. Kazi hiyo inahitaji protoni 28 na masinia mawili. Tulijaziliza kwa punje za mahindi na maharagwe juu ya sahani, na somo likafaulu, ingawa kwa bei hiyo nilitarajia zaidi. Shanga zote pia zina ukubwa mmoja, ilhali uzito wa protoni ni takriban mara 1,836 ya ule wa elektroni. Mwalimu aseme wazi kwamba chaji zao zinalingana kwa kiasi, zikipishana kwa alama tu, hata kama uzito unatofautiana mno.

Tufe za molekuli ndizo bora kuliko vyote. Matundu ya tufe jekundu la oksijeni yametobolewa kwa pembe, hivyo molekuli ya maji hupinda kama inavyostahili, karibu nyuzi 104.5. Kutokana na mpindo huo niliweza kueleza kwamba oksijeni huzivutia elektroni kwa nguvu kuliko hidrojeni inavyozivutia, upande wake ukawa na uhasi kidogo na upande wa hidrojeni uchanya kidogo. Kisha tukaizungushia ioni ya sodiamu molekuli kadhaa, oksijeni zikiielekea, na ioni ya klorini tukaielekezea hidrojeni. Hivyo ndivyo chumvi inavyoyeyuka sufuriani. Hata hivyo, tufe hizi hazina alama yoyote ya chaji, nasi tuliziandika wenyewe kwa kalamu. Magadi, ambayo wanafunzi wangu wanayajua kwa kuyaonja katika mrenda na kwa kuliona Ziwa Nakuru, hayawezi kuundwa kikamilifu, kwa kuwa hakuna namna ya kuonyesha ioni ya kaboneti (kaboni iliyoungana na oksijeni) yenye chaji hasi mbili ikishikana na sodiamu mbili.

Kwa mwalimu, au mzazi anayeikumbuka kemia yake, ninalipendekeza, na ni heri familia mbili zinunue kila moja lake na kuyatumia pamoja. Mwanafunzi atakayejisomea peke yake asipewe sanduku hili pamoja na kijitabu chake.