Laptopu mpya, Windows ya zamani: kwa nini nimeirudisha nyuma

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena. Hapa mezani nina laptopu mpya kabisa, ile nailoni ya kwenye kifuniko hata sijaibandua, na tayari nimeshaifuta yote. Nimeiondoa Windows 11 iliyokuja nayo dukani, nikaweka Windows 10. Najua huko chini mmeshaanza kuandika, "Wewe vipi, Windows 10 si imeshaachwa?" Ndiyo, msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Nalijua hilo, na nitalirudia. Subirini kwanza.

Sifa zake sizisomi. Ni Intel i5 ya kizazi cha 13, RAM GB 16, SSD (ndiyo diski yake) GB 512, laptopu za namna hii mmeshaziona mpaka mmechoka. Jina la kampuni nimelifunika kwa utepe.

Sasa, mashine hii si yangu. Ni ya mama mdogo, yuko Morogoro, anadarizi nembo za sweta za shule. Wenye watoto mnajua Januari ilivyo: shule zinafunguliwa, kila mzazi anataka sweta jana. Ana mashine ya kudarizi na programu ya kuchorea nembo aliyoinunua mwaka 2012, akalipa mara moja, basi. Programu yenyewe haifunguki bila kile kidude cha USB, hiki hapa, mnakiona? Kidogo kama kucha ya dole gumba. Ukikichomeka kinawaka taa nyekundu, programu inajua wewe ni mteja halali. Kompyuta yake ya zamani ilikufa Novemba, ndipo tukanunua hii. Tumechomeka kidude. Giza. Hakuna taa.

Kwa hapo kosa si la laptopu. Windows 11 kwenye kompyuta mpya huja na ulinzi unaoitwa Memory integrity ukiwa umewashwa tayari. Kazi yake ni kuzuia draiva (zile programu ndogo zinazowezesha kompyuta kutumia kifaa) zisizoaminika zisiingie kwenye moyo wa mfumo, na draiva ya kidude hiki ni ya zamani mno, haikidhi masharti. Kama shida yako ni hii tu, usifute kitu. Fungua Windows Security, ingia Device security, halafu Core isolation, zima ile swichi, uwashe upya. Unapunguza ulinzi, lakini kazi inaendelea. Mimi nilizima, taa ikawaka, nikampigia mama mdogo simu kwa furaha.

Furaha ya dakika kumi. Programu ilifunguka, nembo ikachorwa vizuri, nilipobonyeza kuhifadhi faili la mashine ya kudarizi, programu ikajifunga. Kila mara. Nikajaribu zile hali za kuigiza Windows za zamani, ile ya kubofya kulia, Properties, Compatibility. Nikajaribu ya Windows 7, nikajaribu ya XP. Inajifunga palepale. Waliotengeneza programu wanasema toleo hili mwisho wake ni Windows 10, ukitaka la Windows 11 lipia kila mwaka. Mtu ana shule nne zinamsubiri! Hapo ndipo nilipokasirika, nawaambia ukweli.

Basi nikaamua kurudi nyuma. Kuna kitu wauzaji hawakisemi. Windows 11 ina toleo la Pro na la Home. Laptopu yenye Windows 11 Pro ina haki ya kushushwa kwenda Windows 10 Pro, imo kwenye leseni. Yenye Home haina haki hiyo. Na kile kitufe cha Go back ambacho mmekiona kwenye video nyingi, kinawafaa waliopanda kutoka 10 kwenda 11, tena ndani ya siku 10. Kompyuta iliyozaliwa na 11 haina pa kurudi, lazima uifute uanze upya. Bahati yetu hii ni Pro. Kariakoo tuliiuziwa 1,950,000, ya Home ilikuwa pungufu ya laki mbili hivi, na mama mdogo alitaka ile ya rahisi. Nashukuru tulibishana.

Sasa njooni karibu na kamera, maana hapa ndipo nilipopoteza usiku mzima. Nimetengeneza flashi ya kusakinishia Windows 10 kwa programu ya Microsoft wenyewe, flashi ya GB 8 inatosha. Nimeichomeka, nimewasha, nimechagua lugha, nimefika pale pa kuchagua diski. Tazameni kioo. Mnaona nini? Hakuna kitu. Kisanduku cheupe, kitupu, wakati ndani kuna SSD ya GB 512 nzima. Mtu asiyejua atasema diski imekufa, atairudisha dukani, au atampa fundi laki moja.

Haijakufa. Laptopu nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11 zinaweka SSD nyuma ya kitu kinaitwa VMD, na flashi ya Windows 10 haina draiva yake. Ni kama mgeni amepewa nyumba lakini hajapewa ufunguo wa geti. Dawa ziko mbili. Ya kwanza, ingia BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, uzime VMD, lakini kwenye hii hapa wameificha, sikuipata. Ya pili ndiyo niliyotumia. Kwenye kompyuta nyingine shusha draiva ya Intel RST, faili linaitwa SetupRST. Ukiliweka kwenye flashi hivyo hivyo halisaidii, lazima ulifumue. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), nifuateni polepole: SetupRST.exe, nafasi, kistari, extractdrivers, nafasi, halafu jina la folda unayotaka. Enter. Folda imejaa. Ndani yake tafuta faili la iaStorVD lenye mwisho wa inf. Hilo ndilo ufunguo wa geti.

Nakili folda yote kwenye flashi, rudi kwenye kile kisanduku kitupu, bonyeza Load driver, Browse, ichague folda. Linatokea jina moja la Intel. Next. Subiri... Haya! Diski hiyo! Nimeirudia mara tatu kwa ajili ya video hii na kila mara moyo unanidunda.

Kabla hujafuta chochote, tengeneza flashi ya kurudishia Windows 11 uliyokuta, GB 32 itakufaa, uiweke kabatini. Na mafaili yako yatoe kwanza, usiniletee kilio.

Ukimaliza kusakinisha, usishtuke: touchpad haifanyi kazi, Wi-Fi haipo. Uwe na mausi ya waya. Intaneti nilichukua kwenye simu, nikaiunganisha kwa waya wa USB, nikawasha kushiriki intaneti, Windows 10 ikaipokea bila kuuliza. Kisha nikaenda kwenye ukurasa wa mtengenezaji nikachukua draiva za Windows 10. Hili ndilo la kuangalia kabla hujanunua: andika namba ya modeli, fungua orodha ya mifumo. Ukikuta Windows 11 peke yake, hiyo si mashine ya kushushwa, achana nayo.

Kuna mtu ataniambia angenunua Mac. Ndugu yangu, Mac haikubali kabisa mfumo wa zamani kuliko ule iliozaliwa nao, na tangu macOS Catalina ya mwaka 2019 programu za biti 32, yaani za mtindo wa zamani, hazifunguki huko. Kwa kazi hii Mac ingekuwa ukuta.

Hasara zipo pia. Vichakataji hivi vya Intel vina viini vikubwa na vidogo, na Windows 11 inajua kugawa kazi kati yao vizuri zaidi. Kwa kupima kwangu betri imeshuka kutoka saa saba hadi kama saa tano na nusu, na feni inasikika. Mama mdogo anafanya kazi kwenye umeme, hajali. Wewe mwanafunzi wa chuo unaweza kujali sana.

Na ulinzi. Microsoft wanatoa masasisho ya ziada ya usalama ya Windows 10 kwa watu binafsi hadi tarehe 13 Oktoba 2026, dola 30, au bure ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti yao. Tumejiandikisha kwa njia ya bure. Baada ya hapo laptopu hii haitaingia mtandaoni tena, nembo zitapelekwa kwa flashi.

Nilivyoanza kurekodi nilitaka kuwaambia wote mrudi nyuma. Sasa nimepoa. Kama una programu moja tu inayokusumbua, kuna njia ya kuweka Windows 10 ndani ya Windows 11, kompyuta ndani ya kompyuta. Programu ya kufanya hivyo iitwayo Hyper-V inakuja na Pro lakini haipitishi vidude vya USB, nyingine iitwayo VirtualBox inapitisha. Bado sijaijaribu na kidude hiki, nitaijaribu Jumamosi moja kwa moja, saa tatu usiku, jiungeni na chaneli na mbonyeze kengele ili msipitwe. Kufika wafuasi elfu kumi wamebaki mia nne tu, nawashukuru sana.

Jana nimempigia mama mdogo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, halafu akaiweka simu karibu na mashine ya kudarizi bila kusema neno. Sikilizeni, nilirekodi. Hiyo ni nembo ya shule ya kwanza.