Santuri adimu za roki ya saikedeliki na ya majaribio: nakala ipi inunuliwe kwanza

Albamu moja ya mwaka 1971 inaweza kuwa na nakala kumi tofauti sokoni, zote zikiwa na picha ile ile kwenye jalada, lakini ukizicheza hazifanani. Umri hauelezi tofauti hiyo. Cha kuuliza ni kimoja: fundi aliyechonga sahani ya laka, ile inayozaa vibati vya kuchapia, aliweka nini kwenye mashine yake? Kama ni utepe mama wa studio, mambo yameanza vizuri. Kama ni utepe ulionakiliwa mara tatu, faili la CD, au santuri ya mtu iliyorekodiwa upya, hakuna uzito wa plastiki wala jalada la kifahari litakalorudisha kilichopotea.

Kwa hiyo orodha hii imepangwa kwa chanzo cha sauti kwanza, hali ya nakala pili, na uadimu mwisho. Anayenunua ili aweke kabatini na asubiri bei ipande, aanzie namba 5, chapa ya kwanza.

1. Toleo jipya lenye leseni, lililochongwa kutoka utepe mama

Hili ndilo la kununua kwanza. Plastiki ni mpya, haijakwanguliwa na sindano nzito za zamani, na kazi ya kuchonga imefanywa na mtu anayetajwa kwa jina. Tafuta mambo matatu kabla ya kulipa: jina la mwenye haki, jina la fundi aliyechonga, na sentensi inayosema wazi utepe upi ulitumika. Maneno kama "imesafishwa upya" peke yake hayana maana, kwani hata faili la CD husafishwa. "Kutoka tepe za awali" nayo ni kauli ya ujanja: huenda tepe ziligeuzwa kuwa faili kwanza. Hilo si kosa, faili zuri hutoa santuri nzuri, ila usilipie kilicho cha analogi tupu kama hakipo.

Bendi zilizoshika tepe zao zenyewe ndizo rahisi kununua. Can ya Ujerumani ni mfano mzuri: albamu zao hutoka kupitia kampuni yao, Spoon, hivyo toleo jipya la Tago Mago (1971) halina fumbo la asili yake.

Ile stika ya "gramu 180" isikusisimue. Santuri ya kawaida ina gramu 120 hadi 140, na mfereji wa sauti hauongezeki kina kwa sababu sahani imenenepa. Nzito hukaa imara zaidi kwenye mashine, basi.

2. Chapa ya pili au ya tatu ya miaka ile ile

Hapa ndipo mnunuzi mwenye subira hupata faida kubwa. Kampuni ilipouza nakala za mwanzo, mara nyingi iliendelea kutumia vibati vilivyotokana na sahani ile ile ya laka, ikabadilisha lebo tu, ile karatasi ya duara katikati. Sauti ni ile ile au karibu nayo, bei iko chini sana, kwa kuwa wakusanyaji wanagombania lebo.

Kuzitambua ni kazi ya tochi na kioo cha kukuzia. Tazama ukanda mtupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Humo mna namba ya sahani, na pengine alama za fundi. Santuri za kampuni ya EMI ya Uingereza zina namba ya "mama", bati linalozaa stempa, upande wa kushoto wa namba kuu, na upande wa kulia herufi za stempa, yaani kibati cha kuchapia, zinazosomwa kwa neno GRAMOPHLTD: G ni 1, R ni 2, A ni 3, M ni 4, O ni 5, P ni 6, H ni 7, L ni 8, T ni 9, D ni 0. Herufi GR maana yake ni stempa ya 12, na nakala hiyo ilitoka mapema. Herufi tatu ni za baadaye zaidi, vibati vingi vikiwa vimeshachakaa kabla yake.

Kisha soma maandishi ya ukingo wa lebo. Kwenye EMI hizo hizo, "The Gramophone Co. Ltd." iliachia nafasi "EMI Records Ltd" mwaka 1973. Lebo ya kampuni ya Vertigo yenye duara la kizunguzungu ni ya 1969 hadi 1973. Baada ya hapo ikaja picha ya chombo cha angani ya mchoraji Roger Dean. Albamu ya kwanza ya 13th Floor Elevators ilitoka 1966 kwa kampuni ya International Artists ya Texas. Nakala yenye muhuri MASTERFONICS kwenye ukanda mtupu ni ya mwishoni mwa miaka ya 1970, hata muuzaji akiapa vinginevyo.

Kitu kimoja cha kuangalia hapa ni mono na stereo. The Piper at the Gates of Dawn ya Pink Floyd (1967) ina michanganyo miwili tofauti, mono namba SX 6157 na stereo SCX 6157, na si suala la kubonyeza kitufe kwenye amplifaya. Kinyume chake, albamu nyingi za miaka ya 1960 ziligeuzwa stereo kwa hila za kielektroniki: besi upande mmoja, matoazi upande mwingine. Jalada likisema "electronically reprocessed", iache.

3. Toleo jipya lililonakiliwa kutoka santuri safi

Wengi hulidharau, nasi hatukubaliani nao. Bendi nyingi za majaribio zilijichapia wenyewe. Uingereza, oda isiyofika nakala 100 haikutozwa kodi ya manunuzi, ndiyo maana albamu kadhaa za huko zilichapwa 99 tu. Tepe zikapotea au zikarekodiwa juu yake. Hapo santuri iliyo safi kuliko zote ndiyo utepe mama uliobaki, na kampuni iliyo wazi husema hivyo kwenye karatasi ya ndani.

Sikiliza sampuli kwa vipokea sauti. Ukisikia mkwaruzo mdogo unaorudi kila mzunguko, yaani takriban kila sekunde 1.8 kwa kasi ya 33⅓, chanzo ni santuri na hakikusafishwa vya kutosha. Ukisikia kimya cha ajabu baina ya noti na matoazi yaliyofifia, kimesafishwa kupita kiasi. Kati ya maovu hayo mawili, mikwaruzo ni afadhali.

4. Chapa za nchi nyingine za wakati ule

Za Japani zina plastiki tulivu na majalada yaliyotunzwa, mara nyingi pamoja na ule ukanda wa karatasi unaoitwa obi. Tatizo ni kwamba tawi la ng'ambo kwa kawaida lilitumiwa nakala ya utepe, si utepe mama, na sauti za juu hupungua uhai. Nunua pale bendi ni ya nchi hiyo yenyewe, au nakala ya nyumbani imeshindikana.

5. Chapa ya kwanza

Ya tano, naam. Si kwa sababu ni mbaya. Ikiwa safi huenda ikazipiku zote. Lakini iliyo safi ni adimu, na hela nyingi huenda kwenye lebo.

Hapa daraja la hali ndilo linaloumiza watu. Katika kipimo cha Goldmine, jarida la Marekani la wakusanyaji, VG, ambayo kwa maneno ni "nzuri sana", ina kelele zinazosikika kwenye sehemu tulivu. Kwa muziki wenye dakika nne za ukimya na upepo, usishuke chini ya VG+. Kipimo cha Waingereza kina EX, inayokaribia VG+ au juu yake kidogo. Muulize muuzaji anatumia kipi. Muulize pia kama alipima kwa macho au kwa kuicheza. Kuchakaa kwa mfereji hakuonekani: sahani hung'aa, kisha wimbo wa mwisho wa kila upande unapasuka kila gitaa likipanda. Mistari mingi kuzunguka tundu la lebo ni dalili kwamba imechezwa mno.

Omba picha nne: ukanda mtupu wa pande zote mbili, lebo, mgongo wa jalada, na sahani ikiwa imeinamishwa chini ya taa moja. Asiyetaka kupiga picha hizo, mwache na santuri yake.

6. Za rangi na za picha

Santuri ya picha ina filamu nyembamba juu ya karatasi, na hiyo filamu ina kelele. Za rangi siku hizi ni sawa. Albamu ya kwanza ya bendi ya Faust (1971) ilitoka kwa plastiki angavu ndani ya jalada angavu lenye picha ya eksirei ya ngumi, lakini matoleo ya baadaye nayo yamefanywa hivyo hivyo. Uangavu si ushahidi.

7. Feki

Jalada lililoskaniwa hujitangaza: herufi ndogo zina kingo za ukungu, picha ina vitone vilivyogongana, rangi nyeusi imekuwa kijivu. Majalada mengi ya Uingereza ya miaka ya 1960 yana mikunjo iliyobandikwa nyuma, juu ya karatasi. Feki nyingi huchapa tu picha ya mikunjo hiyo. Ukiipapasa ni laini, umeshajua. Kwenye Discogs, tovuti ya orodha na soko la santuri, nyingi huandikwa kuwa si rasmi na huzuiwa kuuzwa, basi soma ukurasa wa toleo lenyewe, si wa albamu kwa jumla.

Ikifika nyumbani

Mwambie muuzaji asafirishe sahani nje ya jalada, ndani ya mfuko wake, la sivyo itapasua mshono njiani. Ioshe hata ikiwa mpya. Icheze pande zote mbili kabla muda wa kurudisha haujaisha, sindano ikiwa na uzito aliotaja mtengenezaji wa katriji, mara nyingi gramu 1.5 hadi 2. Sauti ya kuchanika kama zipu, hasa mwanzoni mwa upande, ni plastiki ambayo haikujaza mfereji kiwandani. Kuosha hakusaidii, irudishe. Mkono wa sindano ukiyumba kushoto na kulia, tundu haliko katikati, na noti ndefu za kinanda zitalia kama zimelewa.

Mfuko wa nje uwe wa polietilini. Ule wa PVC, hata uking'aa vipi, ukikaa miaka huacha ukungu juu ya sahani, na ukungu huo hauoshiki.